Tuhesabu Vifaa vya Ujenzi Kabla Havijawa Kifusi

Hapana mtaa katika jiji la Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Bunju, ambao msomaji anaweza kuupita bila kukuta lundo la mchanga lililomwagwa nusu kiwanjani na nusu barabarani. Pembeni yake huwapo kokoto, matofali yaliyomeguka, vipande vya mbao vyenye misumari, na mifuko mitupu ya saruji inayopeperushwa na upepo. Alama hizo tumezizoea, na kwa kweli ni alama za heri, kwa kuwa zinatuambia kwamba mwananchi fulani amepata uwezo wa kujijengea. Lakini mvua ya kwanza ikinyesha, ile nusu iliyo barabarani huondoka. Huingia mtaroni, hutulia humo, na mvua ya pili ikija maji hayana pa kupita. Hapo mwenye nyumba amekwisha kulipia mchanga ambao hataujengea. Jirani yake atalipa kwa kuteka maji sebuleni kwa ndoo. Na halmashauri italipa kwa kuuzibua mtaro. Mchanga ni mmoja, lakini umelipiwa mara tatu.

Watu wengi wakisikia habari za taka za ujenzi hufikiri juu ya kifusi kinachobaki kazi ikiisha, na dawa wanayoijua ni lori la kukizoa. Sisi tunaona kwamba lori hilo, hata likija mapema, huja likiwa limekwisha kuchelewa. Sehemu kubwa ya taka hizo huzaliwa kabla fundi hajashika mwiko: huzaliwa siku ya kuchora ramani, siku ya kuagiza vifaa na siku ya kuviweka ghalani. Anayetaka kiwanja safi hana budi kuanzia huko.

Tumtazame kwanza yule ajengaye kidogo kidogo, maana ndiye wengi wetu. Mwalimu, muuguzi, askari au mwenye kibanda cha biashara hajengi nyumba kwa mwaka mmoja. Hujenga kwa miaka minane au kumi, kila apatapo fedha. Naye anajua kwamba fedha iliyo mfukoni haikai, ikiwa si karo ni msiba, na kwa hiyo huiharakisha kuigeuza kuwa vifaa. Fikira hiyo ni ya busara kabisa. Kosa huingia pale anaponunua saruji kana kwamba ananunua mahindi ya akiba. Saruji hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Pwani yetu ina unyevu mwingi usiku na mchana. Vitabu vya uhandisi hukadiria kuwa saruji iliyokaa miezi mitatu katika ghala la kawaida hupoteza kiasi cha sehemu moja kwa tano ya nguvu zake, na hapo husemwa ghala, sio uvungu wa kitanda wala kibanda cha mabati kinachovuja. Mfuko wa kilo 50 ulioegemezwa ukutani toka Pasaka hadi Krismasi hufunguliwa ukiwa jiwe, na jiwe hilo huenda kutupwa. Mwenye bahati mbaya zaidi ni yule ambaye mfuko wake haukuwa jiwe kabisa, bali mabonge. Huyo huyapondaponda akayachanganya na mengine, na hasara yake akaijenga ndani ya ukuta.

Kwa mtu wa namna hiyo ushauri wetu ni mwepesi. Fedha ikipatikana mapema, inunue mawe ya msingi na kokoto, ambavyo havina haraka. Inunue hata matofali, kwani tofali la saruji lililofyatuliwa vema na kumwagiliwa maji huzidi kukomaa kadiri linavyokaa. Nondo nazo zaweza kungoja, ila ziinuliwe juu ya magogo na kufunikwa turubai. Kutu nyepesi haina neno, lakini ile inayobanduka magamba imekwisha kula chuma. Saruji na ije mwisho, wiki ya kazi yenyewe, nayo ipangwe juu ya mbao, mbali kidogo na sakafu na ukuta, isizidi mifuko kumi kwenda juu, na mfuko ulioingia kwanza ndio utoke kwanza. Jambo hili la mwisho hupuuzwa mno. Mifuko mipya huwekwa mbele ya ya zamani kwa sababu ndiko mlango uliko, na ile ya nyuma huonekana tena siku ya kufagia.

Uharibifu mwingine hutokea penye karai na beleshi. Asubuhi mafundi huchanganya lundo kubwa la udongo wa saruji ili wasisumbuke tena hadi jioni. Saa mbili zikipita lundo limeanza kushika. Basi huongezewa maji, hukorogwa upya, na kazi huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kilichotokea ni kwamba saruji imevunjwa katikati ya kuungana kwake, na haitaungana tena kama ilivyokusudiwa. Machoni ukuta huo ni sawa na mwingine. Ni afadhali lundo hilo lingetupwa, maana lingehesabiwa kuwa hasara ya shilingi kadhaa likaisha. Fundi mzuri huchanganya kidogo kidogo, kiasi cha kutumika kabla hakijakaza, na hupima kwa kibao au ndoo ileile kila mara badala ya kubahatisha kwa beleshi. Hali kadhalika, maji mengi yanayotiwa kwenye zege ili liteleze vizuri kwenye ndoo huacha vitundu yanapokauka, na zege lisilomwagiliwa maji kwa siku saba za mwanzo halifikii zile nguvu ambazo lingezipata siku ya 28. Kumwagilia ndiyo kazi nyepesi kuliko zote kiwanjani, nayo ndiyo inayoachwa kwanza.

Tunalitaja hili kwa sababu katika ujenzi kuna taka ambayo haionekani, nayo ni ile iliyokwisha kujengwa. Jiji la Dar es Salaam haliwezi kusahau tarehe 29 Machi, 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu 36; wala tarehe 16 Novemba, 2024, jengo la Kariakoo lilipoanguka likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, wakafa watu wasiopungua 29. Sisi si wachunguzi, na hatusemi kwamba majengo hayo yaliangushwa na udongo uliolala au mfuko ulioganda. Tunasema tu kwamba jengo likianguka, kila mfuko, kila nondo na kila siku ya kazi iliyotumika hugeuka kuwa kifusi kwa dakika moja, na chini ya kifusi hicho wamo watu.

Penye kiwanja cha ujenzi lawama ya kwanza humwangukia kibarua. Vifaa vikipungua, husemwa kwamba vibarua wameiba. Wizi upo, hatuukatai. Mifuko ya saruji hutembea usiku, na si mara zote kwa miguu ya kibarua. Lakini tungependa wenye nyumba wajihesabu nao. Ni nani aliyekuja Jumamosi, akasimama katikati ya ukuta uliofikia linta, akasema dirisha hili lihamie kule? Ni nani aliyebadili jiko kuwa stoo na stoo kuwa choo baada ya mabomba kulazwa? Ukuta uliobomolewa kwa sababu mwenye nyumba amegeuza nia una saruji, mchanga na ujira uleule wa ukuta uliobaki, na tena una ujira wa kuubomoa. Kuhamisha dirisha kwenye karatasi ni kazi ya kifutio. Wapo pia wanaoona uchungu kumlipa mchoraji na mkadiriaji majenzi, wakamtegemea fundi awaambie kwa kukisia kwamba nyumba itakula matofali elfu tatu. Yakibaki mia tano, yatakaa uani hadi watoto wayageuze viti. Yakipungua, lori litakodiwa tena kwa ajili ya matofali mia mbili.

Hapa tuna cha kujifunza kwa wazee wetu wa Pwani. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, za Lamu na za miji mingine ya mwambao zina vyumba vyembamba na virefu. Wageni hudhani ni mapenzi tu ya wajenzi wale. Kumbe upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko iliyobeba dari, na boriti hiyo aghalabu haikuzidi sana mita mbili na nusu au tatu. Chumba kilipimwa kwa kifaa, hakikupimwa kifaa kwa chumba. Na nyumba ilipochakaa, mawe yake ya matumbawe yaliokotwa yakajengewa nyingine, boriti nzima zikahamishwa, na mlango wa nakshi ukapata kizingiti kipya mtaa wa pili. Kilichobakia kuwa taka kilikuwa kidogo.

Sasa tulinganishe na ramani zetu. Nondo huuzwa ikiwa na urefu wa mita 12. Mchoraji akitoa mihimili inayotaka vipande vya mita tano, kila nondo itatoa viwili na kuacha mita mbili, na mita mbili hizo zikirundikana huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, kwa bei isiyofanana hata kidogo na ya dukani. Lakini kama kabla ya kukata msumeno wa chuma ungetanguliwa na kalamu, ingeonekana kwamba linta fupi ya juu ya mlango wa sentimita 90, pamoja na kuegemea kwake ukutani kila upande, haihitaji hata mita moja na nusu. Basi mabaki ya mhimili ni linta ya mlango, iwapo unene ndio uleule uliotakiwa na mhandisi. Vivyo hivyo kwa bodi za dari, ambazo huja kwa futi nne kwa nane. Chumba cha futi 12 kwa 12 hula bodi nne na nusu barabara, bila kubaki kitu, na ile nusu nyingine huingia chumba cha pili. Chumba cha futi 13 kwa 13 hulazimisha ukanda wa futi moja ukatwe upande huu na upande ule, na vipande vyake huishia jalalani. Futi moja hiyo hakuna mgeni atakayeiona akiketi sebuleni.

Mchanga nao unahitaji neno lake. Wengi huununua kwa tripu ya lori, na hawajui kwamba mchanga wenye unyevunyevu huvimba. Mchanga mwembamba uliolowa kidogo tu waweza kuonekana umezidi kwa robo nzima ya ujazo wake, hivi kwamba mnunuzi analipia lori lililojaa ambalo sehemu yake ni nafasi tupu. Si ulaghai wa dereva. Ni tabia ya mchanga. Ila mnunuzi anayeijua ataagiza kwa kuizingatia, na fundi anayeijua hatapima mchanga mbichi na mkavu kwa kipimo kimoja. Mchanga wa pwani ya bahari, ambao huwavutia watu kwa kuwa karibu na rahisi, una chumvi inayokula nondo ndani ya zege. Anayejenga nao huwa anajitayarishia kifusi cha miaka ijayo.

Tena mchanga hauoti. Umechimbwa katika mito ya Mbezi na Tegeta hadi kingo zikaporomoka, na nyumba za watu zikabaki zinaning'inia juu ya korongo. Wenzetu wa Zanzibar, ambao kisiwa chao hakina pa kukimbilia, waliona upungufu huo mapema zaidi, na Serikali yao ikauweka uchimbaji na uuzaji wa mchanga chini ya usimamizi wake. Kwa hiyo yule lundo lake linaloingia mtaroni kwa kukosa mstari mmoja wa matofali wa kulizuia asidhani kwamba hasara ni ya mfuko wake peke yake.

Tuje sasa kwenye kifusi chenyewe. Kariakoo ya zamani, yenye nyumba za chini za vyumba sita na ukumbi katikati, imekuwa ikibomolewa mwaka baada ya mwaka ili ghorofa zisimame. Kila nyumba inayoangushwa hutoa malori kadhaa ya matofali, zege, lipu na mabati. Mabati, milango na nondo hazifiki mbali, maana wapo watu wanaoishi kwa kuzichukua, na kazi yao ni ya heshima. Yanayobaki yanatakiwa yapelekwe dampo la Pugu Kinyamwezi, safari ya kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya jiji katika foleni tunazozijua. Dereva analipwa kwa tripu. Mafuta ni yake. Tusijifanye kushangaa akitafuta bonde lililo karibu zaidi.

Na mabonde yapo. Mto Msimbazi unashuka kutoka upande wa Pugu na Kisarawe, unapita Jangwani, na unaingia baharini karibu na daraja la Salenda. Kandokando yake wapo wanaotafuta kifusi ili kuinua viwanja vyao juu ya maji, nao hukipokea kwa furaha. Kila mmoja huona ameiokoa nyumba yake. Lakini nafasi ya maji ikijazwa, maji hayapungui. Huenda kwa mwingine. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 katika jiji hili, na maelfu wengine wakapoteza makazi, baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kulirekebisha bonde la Msimbazi. Mkopo huo utalipwa na sisi na watoto wetu, wakati huohuo malori yetu yakiendelea kumwaga kifusi katika mabonde yaleyale.

Je, kifusi hakina kazi nyingine? Kinayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu taka za ujenzi na ubomoaji hapa Tanzania ulitengeneza matofali ambayo kokoto na mchanga wake vilitokana na kifusi kilichosagwa. Yalikuwa dhaifu kuliko yale ya kokoto za asili, na watafiti walikiri hivyo; hata hivyo asilimia 85 ya yale yaliyopimwa yalifikia nguvu ya nyutoni 7 kwa kila milimita mraba, ambacho ndicho kiwango cha chini kwa tofali la kubeba mzigo nchini. Kwa uzio, kwa njia ya miguu, kwa kitako cha sakafu, kifusi kilichochambuliwa ni mali. Tunatilia mkazo neno kuchambua. Vipande vya zege na matofali vitengwe na lipu iliyooza, udongo, mbao na plastiki, la sivyo tofali litakalotoka halitakuwa na tofauti na biskuti. Na wale akina mama na vijana wanaoponda mawe kwa nyundo kandokando ya barabara wasiongezewe kazi hii bila miwani na kitambaa cha kuziba pua, kwani kipande kimoja kinachoruka chaweza kuchukua jicho, na vumbi la zege haliwi na huruma kwa mapafu.

Kuna kifusi kimoja ambacho hakistahili kuguswa hovyo kabisa, nacho ni mapaa ya asbesto yaliyomo katika nyumba na shule za miaka iliyopita. Hayo hayapondwi, hayatupwi kutoka juu, wala hayafanywi uzio wa banda la kuku. Nyuzi zake zikivutwa huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Huloweshwa maji, huteremshwa yakiwa mazima, hufungwa vema, na kuzikwa mahali palipotengwa, chini ya uangalizi wa wajuao kazi hiyo.

Sheria hatuna upungufu nazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu na kuzipunguza. Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 imetuwekea Bodi ya kuwasimamia makandarasi. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi za mitaani hazijengwi na mkandarasi aliyesajiliwa. Hujengwa na mwenyewe, fundi wake na saidia fundi wawili, na huko Bodi haina wa kumwita. Anayefika huko ni mtendaji wa mtaa, naye hufika kuuliza kibali.

Basi tunapendekeza kibali hicho hicho kiulize maswali mawili zaidi. La kwanza, vifaa vitawekwa wapi bila kugusa barabara na mtaro; na kama kiwanja ni kidogo, vitaletwa kwa awamu gani. La pili, kifusi kitakwenda wapi, na nani atakipokea kwa stakabadhi. Swali la pili halitakuwa la haki iwapo jibu pekee ni Pugu. Halmashauri zetu zina viwanja vya wazi na zina magreda. Hazishindwi kutenga eneo moja katika kila wilaya ambako kifusi safi kitapokewa bure, kichambuliwe, na kusagwa kwa ajili ya barabara za mitaa ambazo kila masika hufukiwa kwa kokoto za kununua. Dereva ambaye eneo hilo liko kilomita tano kutoka Kariakoo hatakuwa na sababu ya kungoja giza liingie ndipo ateremke Jangwani.